Lenzi mbili za mkono, na mawe yangu ya kangaga

Mimi ni fundi wa kupanga mawe ya Mazeras. Nimepanga baraza, njia za magari na kuta za nyumba kuanzia Likoni hadi Kilifi, mwaka wa kumi na saba sasa. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani unasoma maoni ya mtaalamu wa miamba. Unasoma maoni ya mtu aliyekuwa akiuza mawe yenye "majani ya kale" kwa shilingi 300 zaidi kila bamba, mpaka aliponunua kioo cha kuyatazamia.

Mawe yenyewe mnayajua. Mazeras ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, unaupita kabla hujafika Mariakani, na jina lake limeenea mpaka bamba lolote la rangi ya manjano au kahawia sasa linaitwa mazeras, hata likichimbwa kwingine. Ukilipasua kwa tindo linafunguka kama kitabu. Na mara moja moja, kwenye ukurasa mmoja wa kitabu hicho, unakuta mchoro mweusi: shina, matawi, vitawi, kama kangaga lililobanwa humo tangu enzi za Nuhu. Mimi hayo nilikuwa nayaweka kando. Nikimwona mteja ana macho ya kupenda vitu, namletea mojawapo.

Mwaka jana nikamletea mwalimu mstaafu wa jiografia, kule Kikambala. Hakushangaa. Alikwenda kwenye chungu cha maua barazani, akachuma kangaga bichi, akaliweka juu ya jiwe langu.

"Fundi, nionyeshe mshipa wa kati wa hili jani lako."

Nikatafuta, sikuuona.

"Na hivi vijani vya pembeni vya kangaga vimepangwa, kimoja hapa, kingine pale, vinapungua kwenda nchani. Vyako mbona vinakwenda popote?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia ninunue lenzi ya mkono, ya mara kumi, nikaangalie mwenyewe. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo haya, kwa aibu.

Lenzi ya kwanza niliinunua kwa fundi saa mjini, shilingi 450. Ni ile inayokunjwa ndani ya ganda lake la chuma linalometameta, aina wanayotumia masonara, na kwenye ganda imeandikwa 30x, yaani inakuza mara thelathini, na 21mm, upana wa kioo chake. Ya pili niliagiza Nairobi, ikaja kwa basi, shilingi 2,300 pamoja na nauli yake. Hiyo imeandikwa 10x tu. Kwa hiyo kwa maandishi, ile ya bei rahisi inakuza mara tatu zaidi ya ile ghali. Nilijiona mjanja kwa siku mbili hivi.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kupima. Unasimama juani, unashika lenzi juu ya kipande cha karatasi, unaipandisha na kuishusha mpaka doa la jua liwe dogo kabisa, kisha unapima kwa rula kutoka kwenye kioo hadi kwenye doa. Milimita 250 gawa kwa kipimo hicho, ndiyo ukuzaji wake. Ile ya "thelathini" ilinipa milimita 28. Fanya hesabu: haifiki hata kumi, ni kama tisa. Ingekuwa thelathini kweli, doa lingekaa milimita nane tu kutoka kwenye kioo, na kioo chenyewe kingekuwa kidogo mno, si duara pana namna ile. Ile ya 2,300 ilinipa 25 na kidogo. Kumi yake ni kumi. (Upime haraka. Mimi nilizubaa, mfuko wa simiti ukatoboka. Na usiangalie jua kwa lenzi, hilo sidhani kama lahitaji kuelezwa.)

Basi namba ya 30 ni uongo wa kiwandani, na nimeona baadaye kwamba lenzi za sura ile karibu zote zimeandikwa hivyohivyo. Ajabu ni kwamba uongo huo haukunidhuru. Kwa kutazama mawe ukuzaji wa mara kumi ndio unaofaa. Ungezidi sana, ungeona kieneo kidogo kama punje ya mchele, mkono ukitetemeka kidogo tu umeshapotea.

Kosa langu lilikuwa jinsi ya kuishika. Nilinyoosha mkono kama wapelelezi wa kwenye sinema, lenzi huku, jicho kule, nikaona ukungu. Sivyo. Lenzi unaileta hadi jichoni, karibu iguse kope, mkono ukiegemea shavu. Halafu jiwe ndilo unalolileta kwenye lenzi, mpaka picha ikae sawa, kama sentimita mbili na nusu. Jicho la pili usilifumbe, litachoka. Jua likupige ubavuni, si mgongoni, ili vijibonde vya jiwe vitoe kivuli. Asubuhi saa mbili au jioni saa kumi na moja ni bora kuliko adhuhuri.

Nikaanza na mawe yangu ya kangaga. Nilikuwa nayo tisa yamebaki.

Ndani ya lenzi hakuna jani. Kuna mchanga: punje nyeupe, punje za manjano zilizoshikana, na katikati ya punje hizo kuna unga mweusi umejikusanya kama masizi kwenye pembe za jiko. "Matawi" ni masizi hayo yakifuata njia. Hakuna ukingo wa jani, hakuna mshipa, hakuna bonde wala mwinuko ambao jani lingeacha kwenye tope. Na ukifuatilia shina hadi mwanzo wake, unakuta limetokea kwenye ufa. Karibu yote tisa yalikuwa hivyo, mchoro umeanzia ufani ukatambaa kuingia ndani. Moja ndilo lililonimaliza, kwa sababu mchoro ulikuwa kwenye ufa uliokata tabaka kutoka juu kwenda chini. Jani huanguka likalala. Halisimami wima ndani ya jiwe likapenya tabaka tano.

Michoro hii inaitwa dendraiti. Ni madini ya manganizi, mara nyingine yamechanganyika na ya chuma, yaliyobebwa na maji yaliyokuwa yakipenya kwenye nyufa baada ya jiwe kuwa jiwe. Maji yanasambaa, madini yanabaki nyuma, na yanaganda kwa umbo la matawi. Wake zetu wanaijua tabia hiyo: piko ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu hutambaa, inatoa vimizizi pembeni. Hakuna aliyepanda mti hapo.

Kwa hiyo miaka kumi na kitu nilikuwa nauza madoa.

Bado nilikuwa na kimbilio la pili, mawe ya "mbao". Mmeyaona haya, yana mistari ya kahawia na nyekundu iliyojipinda, mtu angeapa ni ubao wa mvule umegeuka jiwe. Hapa lenzi haikuhitaji hata dakika. Punje za mchanga zinapita kwenye mstari wa kahawia, zinaendelea kwenye wa manjano, zinaingia kwenye wa kahawia unaofuata, ukubwa uleule, mpangilio uleule. Kilichobadilika ni rangi peke yake. Ni kutu ya chuma iliyojipanga kwa mawimbi maji yalipokuwa yakisogea ndani ya jiwe. Ubao wa kweli hauna mchanga ndani yake.

Nimejuaje ubao wa kweli? Hapa ndipo lenzi ilipoanza kunirudishia hela yangu.

Kwenye timbo ninalochukulia mawe kuna lundo la takataka, mawe yasiyopasuka vizuri. Vijana wa timbo wana jiwe moja wanalolichukia, linatokea mara chache sana, gumu, linavunja ncha ya tindo na halitoi bamba. Wanalitupa. Niliokota kipande cha urefu wa kiganja, rangi ya kijivu na kahawia, upande mmoja umekatika kama gogo lililokatwa. Nikakilowesha kwa maji. Hilo la maji mlishike: jiwe kavu linang'aa ovyo, jiwe lililolowa linafunguka. Nikaweka lenzi ya 450.

Hapakuwa na mchanga. Palikuwa na safu. Vitundu vidogo mno, vimekaa mstari kwa mstari kama mashimo ya sega lililobanwa, na kila baada ya milimita mbili tatu safu zinakazana, rangi inakolea, halafu zinalegea tena. Pete za mti! Nilikaa juu ya lile lundo nikajisahau, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, umeona dhahabu?"

Hapa lenzi mbili zikaachana. Ya 450 ilinionyesha safu hizo katikati ya kioo tu. Ukisogea pembeni mistari inajipinda, na kila kitu kinavaa ukingo wa rangi, buluu huku na manjano kule, kama mafuta juu ya maji. Ya 2,300 inazionyesha hadi ukingoni, zimenyooka, bila rangi za uongo. Sababu ni kwamba ya rahisi ina kioo kimoja na ya ghali ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, kimoja kinasahihisha makosa ya mwenzake. Kwa dendraiti tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa ubao na kwa mishipa ya jani ndiyo yote.

Nilithibitisha kwa njia ya kifundi. Nikachukua chupa ya soda, nikaikwaruza kwa pembe ya lile jiwe. Likaacha alama. Bamba la kawaida la mazeras ukilikwaruzia chupa linakumwagia mchanga kwanza. Ubao huu umejazwa silika, yale madini yanayofanya kioo na mchanga mweupe, maji yenye silika yaliingia kwenye vitundu vya mti uliofukiwa, yakaganda humo kabla mti haujaoza wote. Mwalimu akaniambia mawe haya ya Mazeras, na wenzake wa Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru, wataalamu wanayaweka katika kundi moja la Duruma, na kwamba miti iliyogeuka jiwe ndani ya mawe ya Mazeras ni jambo lililoandikwa na wajiolojia zamani. Kundi hilo lilianza kutuama zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati ule hapakuwa na mti wa maua duniani, maua yalikuja baada ya miaka zaidi ya milioni mia moja. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia mazeras yenye "ua la waridi", mpe pole na uondoke.

Kile kipande sinacho. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa ndani ya siku saba, na aeleze mahali hasa alipokiona. Nilifanya hivyo. Picha ninazo, nilizipiga kwa kubandika lenzi mbele ya kamera ya simu, na ya 2,300 imetoa picha nzuri kiasi kwamba mwanangu alidhani nimezitoa mtandaoni.

Jani la kweli nimeliona mara moja tu, na halikutoka Kenya. Shemeji yangu ni dereva wa lori, alikuwa akibeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilaya ya Mbinga, huko Ruvuma. Kwenye bodi ya lori, akifagia, alikuta kibapa cha jiwe jeusi, jembamba kama biskuti. Makaa hayachimbwi yakatoka matupu, mwamba wa pembeni huja nayo. Akaniwekea kwa sababu anajua nimekuwa mwehu wa mawe.

Nilipokitazama kwa jicho tupu niliona kivuli tu. Kwa lenzi ya 2,300, nikikiinamisha hadi jua likawa linakigusa kwa ubavu, kikatoka: mshipa wa kati, mnene, umenyooka kama mgongo wa samaki. Kutoka kwake mishipa midogo inainuka kwa mshazari, inaachana, inakutana tena, inaachana, mpaka inafanya wavu. Wavu kabisa, kama wa kuvulia dagaa. Na ukingo wa jani ulikuwepo, laini, upande mmoja. Nikampelekea mwalimu bila kusema neno. Akachukua muda, kisha akasema "Glossopteris", na akaeleza kwamba jina ni la Kigiriki, lina "ulimi" na "kangaga" ndani yake, ingawa mti wenyewe haukuwa kangaga, ulizaa mbegu. Umbo la ulimi, mshipa wa kati na mishipa ya wavu ndivyo vinavyoutambulisha. Ulitawala nchi za kusini wakati wa Pamia, enzi ya kale kabla ya dinosaria, na makaa mengi ya mawe ya kusini mwa dunia yametokana na vinamasi vya enzi yake. Majani yake yako Afrika, India, Amerika Kusini, Australia. Mwaka 1912 msafara wa Waingereza wa Robert Scott ulikuwa unarudi kutoka Ncha ya Kusini, watu wana njaa na baridi inawaua, na bado waliburuta kilo kama 16 za mawe mpaka walipofia. Ndani ya mawe hayo kulikuwa na jani hilihili. Bara la barafu liliwahi kuota miti, na liliwahi kuungana na kwetu.

Nikawaza yale mawe yangu tisa.

Lenzi ya 450 ingeniambia hivyo? Mshipa wa kati ndiyo. Wavu, nusunusu. Ningejua ni jani, nisingejua ni jani gani.

Kuna watu watauliza kuhusu zile programu za simu za kutambua mimea, unapiga picha inakupa jina. Nilijaribu moja kwa mawe matatu. Dendraiti ikaitwa kangaga la kupandwa kwenye vyungu, na ikanishauri nilimwagilie mara mbili kwa wiki. Ubao wa kweli ikasema ni gome la mti fulani wa Ulaya. Jani la Ngaka haikuona kitu. Siilaumu, imefundishwa mimea iliyo hai. Lakini isikudanganye kwamba imekuthibitishia chochote.

Jambo jingine la hapa pwani. Mawe ya matumbawe yanayojengewa nyumba, yaleyale ya Fort Jesus, yana nyota na maua maua ndani yake, na watu huniletea wakidhani ni mimea. Kwa lenzi unaona vyumba vidogo vyenye kuta zinazokutana katikati. Hao walikuwa wanyama. Kamulia ndimu: tumbawe litatoa povu, kwa sababu ni chokaa. Mazeras yangu yanatulia tu kimya.

Kuhusu uimara: skrubu ya lenzi ya 450 ilianza kutu mwezi wa pili, na ule mng'aro wa ganda umebanduka pembeni. Hewa yetu ina chumvi, sikutegemea zaidi. Ya 2,300 skrubu yake ni safi mpaka leo, lakini ganda linalegea, likifunguka mfukoni mchanga unaingia. Kioo kikiingia mchanga usikifute kwa shati. Kisuuze kwa maji kidogo kwanza, halafu kitambaa laini. Ile ya vioo vitatu usiitumbukize kwenye ndoo. Na zote mbili zifungie kamba uvae shingoni, mimi ya kwanza niliitafuta nusu siku ndani ya kokoto.

Ununue ipi? Kama shida yako ni kujua tu umeuziwa jani au doa, chukua ya 450, usijali ile namba ya uongo, pima kwa jua ujue ulichonacho. Kama unataka kwenda mbele, ujue ni mti gani au jani gani, tia subira uongeze hela. Ya kati, za shilingi elfu moja zenye taa ndogo, nimeazima moja kwa rafiki. Taa inamulika kutoka mbele, vivuli vyote vinakufa, jani linapotea. Sikuipenda.

Sasa ile hadithi ya mawe ya kangaga haikuishia pale. Mama mmoja wa Nyali nilimpangia baraza miaka minne iliyopita na kumuuzia mawe sita, akayataka yakae mlangoni yaonekane. Wageni wake wote wameshaambiwa ni majani yaliyokuwepo kabla ya wanyama wote. Nilikwenda Jumamosi iliyopita na 1,800 bahashani na lenzi shingoni.

"Mama, nimekuja kwa habari ya yale mawe. Yale si majani."

Akanitazama kama nimelewa. Nikampa lenzi ya 2,300, nikamwonyesha kuishika, akapiga magoti pale mlangoni na leso yake. Alinyamaza muda mrefu. Akahamia jiwe la pili, la tatu. Akaniuliza haya meusi yalitoka wapi, nikamwambia habari ya maji na ya piko. Akacheka, akasema basi mlango wake umepakwa piko tangu ajenge.

Bahasha hakuipokea, alisema mawe anayapenda hivyohivyo. Lenzi ndiyo ameikatalia, anataka kumwonyesha dada yake anayekuja Ijumaa. Kwa hiyo wiki hii niko timboni na ile ya 450.